Bomba Moja kwa Mabafu Manne

Fundi bomba alikuwa ameshachora nusu ya nyumba kwa chaki. Mistari ilipanda ukutani, ikakata kona, ikateremka bafuni, na kando ya kila mstari alikuwa ameandika unene wa bomba kwa mwandiko wa daktari. Kesho angeanza kuchonga kuta kwa tindo. Keshokutwa mafundi wa plasta wangefunika kila kitu, na hapo ndiyo basi tena.

"Mama, nataka neno lako la mwisho," alisema. Wenzake walimwita Injinia, kwa kuwa hakufunga hata koki bila kuieleza nusu saa. "Mabafu yako manne. Tunaweza kushusha bomba moja toka kwenye tanki, mabafu yote pamoja na jikoni yakachota humo. Au kila bafu lishushiwe bomba lake. Ukichagua hii ya pili, hata muoge wanne kwa mpigo, hakuna atakayejua mwenzake kafungua maji."

Mjane aliitazama mistari. Alikuwa amemzika mumewe miezi miwili iliyopita, na tangu siku hiyo watu walikuwa wakimsifu kwa ujasiri. Ujasiri wenyewe hakuuona popote. Matangani alikula akiwekewa, akalala akiambiwa alale, na leo alikuja kwenye nyumba hii kwa sababu fundi alipiga simu.

Mkononi alikuwa na karatasi ya marehemu. Mtu huyo hakununua hata msumari bila kikao, hadi watoto wake wakampachika jina la Kamati, lakini hili hakulipeleka kikaoni. Aliandika kwa herufi kubwa, KILA BAFU NA BOMBA LAKE, akapiga mstari chini mara mbili.

Sababu alikuwa nayo. Kwa miaka ishirini na mbili walipanga nyumba yenye bomba jembamba, wao na watoto watatu. Mtu akifungua maji jikoni, anayeoga anabaki na povu machoni. Ndipo ikawekwa sheria: kabla hujagusa bomba, uliza kwa sauti, "Nani anaoga?" na aliye bafuni aitikie. Aliyeumia zaidi ni Kamati mwenyewe, maana alioga akiimba na swali hakulisikia. Basi utamsikia kupitia ukutani akitaka kujua ni adui gani yuko jikoni. Akaapa kwamba akijenga kwake, mtu ataoga bila kuomba ruhusa kwa yeyote.

"Asubuhi nimeongea na mwanao mkubwa," Injinia aliendelea. "Kasema tufuate karatasi ya mzee."

"Wewe unaonaje?"

"Mzee alipatia. Unaoga raha mustarehe, kama vile nyumba nzima ni yako peke yako."

Mjane aliingia kwenye bafu ambalo lingekuwa lake na mumewe, akasimama pale maji yatakapodondokea. Saruji ilikuwa bado ina unyevunyevu. Alijaribu kuwawazia wanawe wamekuja likizo, kila mmoja na mlango wake na bomba lake, maji yanashuka sawasawa, hakuna anayemuuliza mwenzake kitu. Alingoja uchungu uje. Haukuja, ila aliogopa, na hofu hiyo ilimshangaza kwa sababu alidhani hana tena cha kuogopa.

"Shusha moja," alisema.

"Moja? Basi angalau tuweke nene, ili..."

"Jembamba."

"Mama, maji yatakukatikia na sabuni kichwani."

"Najua."

Injinia alikuna kichwa. "Sasa mama, marehemu kakataza. Kaandika kabisa."

"Marehemu haogi humu," mjane alisema, kwa sauti ileile ambayo angeagizia sabuni dukani. Alikuwa hajawahi kulisema jambo hilo, hata moyoni. "Wanangu wakija, nataka maji yakatike. Nijue kuna mtu jikoni."

Injinia alichukua kitambaa, akakilowesha, akaanza kuifuta mistari mmoja mmoja. Ilikuwa kazi ya muda, akamwambia mama aende tu, asijichoshe. Mjane aligeuza ndoo tupu, akaikalia. Huko anakoishi hakukuwa na mtu wa kumuuliza amechelewa wapi.