Mgongo wa Shati

Mtaa ulikwisha kumhukumu fundi rangi kabla hakimu hajavaa miwani. Watu waliingia mahakamani asubuhi ile wamepiga pasi kana kwamba wanakwenda kupigwa picha, na mbele yao alitangulia Mama Sindano, mshonaji ambaye nyumba yake haijawahi kukosa wageni wala habari.

Aliyeibiwa ni yeye. Jua lilikuwa linazama, naye yuko kwa jirani anamalizia umbea mmoja mtamu. Aliporudi akaona mtu anachomoka mlangoni kwake, cherehani begani. Akapiga yowe, mtaa ukafumuka. Mwizi akapinda kona, akayeyuka. Kona ya pili wakamkuta fundi rangi mmoja, mkimya, anatoka kazini mikono mitupu.

"Ndiye!" Mama Sindano akasema. "Mgongo ule naujua!"

Wakamchana mkono wa shati. Polisi wasingetokea, wangemchana na mwenyewe.

Tangu hapo kila aliyekuja kumpa pole Mama Sindano alisimuliwa, na kila simulizi iliongezwa chumvi. Mgongo ukawa shavu, shavu likawa sura nzima mpaka nyusi.

"Wifi, leo usimung'unye maneno," dada wa mumewe alimnong'oneza kwenye benchi. "Mpasulie."

"Mimi na kumung'unya wapi na wapi? Meno ninayo yote."

Akaitwa, akala kiapo, akasimulia yowe na kona kwa madaha. Mwendesha mashtaka akamwonyesha shati la buluu lenye mkono ulioning'inia. Akalitambua. Nyuma mtu akaropoka, "Afungwe!"

Hakimu, mama mwenye sauti ya chini, akainua macho. "Nyie wa nyuma, hapa si mnadani. Bei haipandi kwa kelele." Kisha akamgeukia mshtakiwa. "Huna wakili, lakini una haki ya kumuuliza shahidi maswali. Uliza."

Fundi rangi akashika ukingo wa kizimba. "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Uliniona uso?"

Zile nyusi zilimjia mpaka ncha ya ulimi. Lakini kiapo kilikuwa bado cha moto mdomoni. "Niliona mgongo."

"Mgongo wangu una nini?"

"Una shati hili!" Akaligeuza kwa fahari, akamwonyesha hakimu. "Tazama mkunjo huu wa katikati, mheshimiwa. Juu nimeufunga kwa mshono wa msalaba ili usifumuke mtu akiinama. Hakuna mwingine mtaani anayeshona hivi. Ningeutambua hata gizani!"

"Ulinishonea mimi?"

"Sikukushonea wewe. Alileta kitambaa mkandarasi wenu, niwashonee watu wake."

"Wangapi?"

Mama Sindano akaanza kuhesabu kwa vidole. Akilini aliyaona mashati yale mezani kwake, rundo limepanda mpaka dirishani, yote ya jora moja, yote yana msalaba mgongoni. Jioni ile aliitambua kazi ya mikono yake, akadhani amemtambua mtu.

Nyuma wifi yake akakohoa, kile kikohozi cha kumkumbusha mtu alipotoka. Mama Sindano akakisikia vizuri. Akisema kweli, huenda cherehani asiione tena, na midomo inayokunywa chai kwake itamtafuna yeye. Asiposema, kijana wa watu anakwenda jela kwa sababu ya mkunjo. Na Mama Sindano, mshono ukienda kombo, huufumua hata mteja akiwa amesimama mlangoni.

"Mheshimiwa, naomba nifumue kidogo," akasema. "Wengi wanalo shati hili. Nililoliona ni shati. Mtu sikumwona."

Ukumbi ukavuma kama nyuki. Hakimu akasubiri wanyamaze, akamuuliza mwendesha mashtaka kama ana ushahidi mwingine.

"Sina, mheshimiwa."

"Basi hakuna kesi ya kujibu. Mahakama haipo kuutafutia mtaa mtu wa kumtolea hasira. Kijana, uko huru, na shati lako urudishiwe. Polisi waendelee kumtafuta mwizi."

Nje, wifi alikuwa anatoa moshi. "Umetuaibisha! Mtaa mzima tumekuja!"

"Na mtaa mzima tulikosea. Wingi wetu haukutuongezea macho."

"Na cherehani je?"

"Huyu angefungwa, nani angeendelea kuitafuta? Mwizi angekaa kwangu anakunywa chai, ananipa pole."

Wifi akanuna, akageukia pembeni.

Fundi rangi akatoka, shati mkononi, anatazama jua kama mgeni. Mama Sindano hakumngoja afike. "Lete hilo." Akakaa kwenye ngazi za mahakama, akachomoa sindano yenye uzi kwenye upindo wa kilemba chake. "Nisamehe, mwanangu. Nilikusema vibaya mbele za watu, na mbele za watu hao hao nitakusafisha. Wenye masikio nawajua wote."

"Watakuamini, mama?"

"Uongo wangu waliuamini bure. Ukweli nitawapa na chai." Akanyoosha kitambaa pajani. "Wifi, acha kununa. Njoo ushike hapa, huu mkono usiende upande."

Wifi akasonya, akainama, akashika.