Barua ya Mzee Brashi kwa Mkwewe

Mzee Brashi aliingia dukani kwetu asubuhi akiwa amevaa shati jeupe la kutokea, nikajua pana jambo. Yeye ni fundi wa kuchora mabango. Nusu ya mabango ya mtaa huu, kuanzia la kinyozi hadi la zahanati, yametoka mkononi mwake, na shati jeupe kwake ni kama viatu kwa kuku.

"Kamusi yupo?"

Kamusi ni mimi. Jina nilipewa na Mama Kopi, mwenye duka, siku nilipomrudishia mteja tangazo lake mara tatu kwa sababu ya Kiswahili kibovu. Tunatoa kopi, tunachapa, tunatafsiri barua.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nataka barua ya Kiingereza. Ya kumwomba mkwe wangu msamaha."

Mama Kopi akazima mashine ili asikie vizuri. Kisa chenyewe mtaa mzima ulikuwa nacho. Wiki tano nyuma, Mzee alimchukua mjukuu wake shuleni bila kumwambia mtu, akaenda naye kwenye kazi, duka la mikate lililotaka bango jipya. Simu yake ilikuwa imezima. Mama wa mtoto, ndiye huyo mkwe, alifika shuleni akakuta kiti kitupu. Alitafuta masaa matatu, akafika hadi polisi. Alipomkuta mwanawe, mtoto alikuwa amekaa kwenye ngazi na rangi ya bluu kwenye nywele, anacheka. Tangu siku hiyo Mzee hafunguliwi mlango. Mwana wa Mzee, baba wa mtoto, dereva wa malori ya safari ndefu, alikuwa barabarani, na kwa simu alisema, "Baba, hayo malizaneni wenyewe."

"Jumamosi mtoto anatimiza miaka mitano," Mzee alisema. "Nataka niwepo."

Mkwe huyo alikuja kwetu kwa ndoa, kutoka mbali. Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia vitunguu. Mengine yote, nyumbani na kwenye ofisi ya ajira ya kiwanda cha sabuni anakofanya kazi, aliyasema kwa Kiingereza.

Mama Kopi ana sheria moja: barua yoyote ya kutafsiriwa, kwanza maneno ya mteja yanaandikwa daftarini kwa penseli, vilevile yalivyotoka mdomoni, na mteja anatia sahihi. Nikachonga penseli. Mzee akafumba macho.

"Andika. Mkwe wangu, nilifanya roho ikupande mdomoni, na mimi nipo juu ya ngazi napaka rangi, napiga mluzi. Sikujua. Ningejua nisingefanya. Pole, mwanangu. Nisamehe."

Akatia sahihi, yenye madoido kama bango.

Nikakaa kwenye kompyuta, nikaandika *sorry*. Nikalifuta. Neno hilo watu wanalitumia wakikanyagana vidole kwenye foleni. Mtoto apotee masaa matatu, useme *sorry*? Nikaandika *apologise*. Hilo lina tai shingoni. Ni neno la mtu anayekiri kosa mbele ya kikao.

"Mzee, unakiri kosa?"

"Kosa gani? Kumchukua mjukuu wangu?"

"Basi huombi msamaha."

"Naomba!"

"Wa nini sasa?"

"Wa machozi yake, binti yangu. Mbona unaniuliza kama hakimu?"

"Kamusi," Mama Kopi akaingilia, "mzee kaja na barua, hakuja na kesi."

Nikajaribu *forgive me*, nikaona linamtwisha kazi yeye aliyekosewa. Nikafungua kamusi kubwa, ile yenye jalada lililobanduka, nikakuta *regret*: kusikitika kwa jambo lililotokea, na kutamani lisingetokea. Nilikaribia kuruka. Ningejua nisingefanya! Lilimkaa Mzee kama shati lililoshonwa kwa kupimwa. Nikachapa sentensi hiyo moja, ngazi na mluzi nikaviacha nje, nikampa barua, akaikunja mara mbili.

Alhamisi alirudi na vipande viwili vya barua.

"Imerudi chini ya mlango hivi. Na amempigia mwanangu, amesema hata Jumamosi nisitie mguu." Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. "Uliandika nini, Kamusi?"

Niliunganisha vipande juu ya meza, nikasoma toka juu hadi chini, kisha toka chini hadi juu. Sikuona tusi. Sikuona hata mkwaruzo. Kila neno lilikuwa na adabu zake, limechana nywele, limesimama kwenye mstari.

"Hiyo diploma yako," Mama Kopi aliniuliza Mzee alipotoka, "ulisomea lugha au kubahatisha?"

Kufikia jioni nilikuwa nimeandika barua nne nyingine, na kila moja nilipoisoma mara ya tatu ilianza kunuka. Maneno yale yalikuwa kama mapacha: ukiyatazama mbali yanafanana, ukiyasogelea kila moja linakukana. Ijumaa saa sita nikachukua daftari la penseli kwapani, nikaenda kiwandani.

Ofisi yake ilikuwa na madirisha yasiyofunguka na harufu ya sabuni hata kwenye karatasi. Nilijitambulisha: mimi ndiye niliyeandika ile barua. Hakunifukuza. Alivuta rundo la barua kutoka kwenye trei, akanigeuzia ya juu.

"Soma mwanzo," alisema kwa Kiingereza.

Ilikuwa ya kumwambia mtu amekosa kazi. Ilianza na *regret*. Ya pili pia. Ya tatu pia.

"Leo nimetia sahihi thelathini na moja. Unajua ninaumia kiasi gani? Hata kidogo. Ni neno la kufungia mlango. Kisha nafika nyumbani, nakuta baba mkwe naye amenifungia."

Nikamrudishia barua zake. "Kwa hiyo ulitaka *sorry*?"

"Hilo anasema dada wa mapokezi simu ikikatika."

"*Apologise*?"

"Hilo linasema kampuni."

"Basi lipi, dada? Niambie, niandike."

Akasugua macho. "Sijui. Kiingereza si cha mama yangu. Nilikipata darasani, kama wewe."

Nilikaa bila kualikwa. Wiki nzima nilikuwa nahangaika na mlango wa huyu mtu, kumbe funguo zote nilizoshika ni za nyumba ya jirani.

"Yeye mwenyewe alisemaje?" aliuliza.

Nikafungua daftari, nikamsomea Kiswahili cha Mzee polepole, kama ninavyomhesabia mtu kopi zake. Alinisimamisha mahali ambapo sikutegemea.

"Mluzi ni nini?"

Kinywa changu kilitafuta tafsiri, kikakosa, basi nikapiga mluzi. Karani wa meza ya pili akageuka.

Mkwe akaiweka kalamu chini. "Alikuwa anapiga mluzi?"

"Juu ya ngazi. Hakujua kabisa kwamba unamtafuta mtoto."

"Mimi nilidhani alifanya makusudi. Kwamba alitaka kunionyesha mtoto ni wao, mimi ni wa kupita tu." Akalisogeza daftari karibu. "Endelea."

"Pole, mwanangu."

"Hilo nalijua. Nilipoanguka sokoni watu wanne waliniambia pole, na hakuna hata mmoja aliyenisukuma."

"Nisamehe."

"Na hilo? Kwa nini ameweka yote mawili?"

Swali hilo hakuna mwalimu aliyewahi kuniuliza. Nikajibu kabla sijafikiri. "La kwanza ni la machozi yako. La pili nadhani ni la ngazi, kwamba alipiga mluzi wewe ukitafuta."

"Unadhani?"

"Nadhani."

Alichukua penseli yangu. Chini ya sahihi ya Mzee akaandika mwenyewe, kwa Kiswahili cha vitunguu, huku midomo ikicheza: *Jumamosi saa kumi. Wewe kuja. Ngazi baki nyumbani.*

Nilirudi dukani karibu nikikimbia. Mzee Brashi alikuwa kwenye benchi, amekuja kuuliza kama kuna maneno mengine yaliyobaki. Akasoma mstari ule kwa sauti, akausoma tena kimyakimya, kidole kikifuata penseli.

"Kamusi."

"Naam, Mzee."

"Hapa amenisamehe, au amenikaribisha tu?"

Nikalivuta daftari. Maneno yalikuwa ya Kiswahili, ya kwangu tangu kuzaliwa, tena machache kuliko vidole vyangu, na nilisimama nayo kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa wenyewe.

"Sijui, Mzee."

"Kwani kuna tofauti?" Mama Kopi aliuliza kutoka kwenye mashine.

"Ipo," nilisema.

"Ipi?"

Mzee hakusubiri. Alishaomba mafuta ya taa na kitambaa, na sasa alikuwa ameinama anasugua rangi chini ya kucha, kidole kimoja baada ya kingine, na polepole akaanza kupiga mluzi.