Mazabodi ya Gideoni

… tarakimu arobaini na nane, si nne kama za kufungulia simu, arobaini na nane, skrini imekuwa bluu tupu na maandishi yake meupe, na Celia amesimama nyuma ya kaunta ya kibanda chake cha ufundi wa kompyuta pale Chuno, Mtwara, kiganja juu ya kipanya, uso ameukaza usije ukasema kitu, maana upande wa pili, kwenye benchi, Mwalimu Pendo amekaa na mkoba mapajani, na dakika moja tu iliyopita aliuliza, "Vipi fundi, imewaka?" naye Celia, kwa furaha ya kuona taa ya mbele inang'aa na feni inazunguka, akajibu kabla skrini haijaleta chochote, "Imewaka, Mwalimu!" na yule mama akafumba macho, akasema, "Asante Yesu," na sasa neno limeshatoka, hakuna wa kulirudisha… lakini si imewaka kweli, uongo uko wapi, umeme unapita, feni inazunguka, mazabodi mpya, ubao mkuu wa ndani, imekubali, kila tundu la skrubu limekaa palipotakiwa, kilichokataa ni diski tu, diski tu, tazama mtu anavyosema diski tu, wakati kwa mama huyu diski ndiyo marehemu mumewe na mengine yote ni mabati na waya.

"Inachukua muda kidogo," Celia anasema, na anajishangaa sauti ilivyotoka imetulia, na Mwalimu Pendo anamjibu, "Wewe nenda taratibu, mdogo wangu, mwalimu mkuu kaniruhusu mpaka saa saba," kisha anaendelea na habari za safari, Alhamisi alfajiri basi la Dar, Ijumaa Iringa, Jumamosi wawe wamefika Kilolo kwa wakwe, mwaka umetimia na kaburi la Gideoni linawekwa msalaba wa saruji, na Esta wake, miaka saba, mtoto aliyezaliwa hapahapa Mtwara na hajawahi kuiona Iringa zaidi ya siku ile ya kumzika baba yake, atasimamishwa mbele ya ukoo ajitaje kwa Kihehe, yeye ni nani, mtoto wa nani, mjukuu wa nani, mpaka majina saba ya nyuma, ndivyo wanavyofanya kwao, "na mimi Mgogo wa Kongwa nitamfundisha nini, fundi, mimi mwenyewe nikishasema kamwene ya salamu nimemaliza," anacheka, na Celia naye anacheka, meno yanacheka, maana habari hii anaijua yote, alisimuliwa mwezi uliopita siku mashine ilipoletwa imefungwa kwenye kitenge, jinsi Gideoni, karani wa bandarini, alivyokuwa anakaa mbele ya mashine hii kila Jumapili jioni na kinasa sauti cha kuchomeka, anarekodi salamu, majina ya mababu, vijihadithi vya kila babu na ulevi wake na ushujaa wake, anasema, "Esta mwanangu, sikiliza," mwaka na nusu wa Jumapili, mpaka gari lilipomgonga barabara ya Mikindani yeye na pikipiki na simu yake vyote pamoja, na kilichobaki cha sauti ya Gideoni duniani kikawa kwenye kasha hili jeusi… ambalo halikuwa na ugonjwa wa maana, pawa saplai tu, kisanduku cha kulisha mashine umeme, umeme ulikatika ukarudi kwa nguvu, pawa saplai ikafa, kazi ya nusu saa, kazi ambayo Celia angeifanya huku anakula mihogo.

Na hapo ndipo akili inapotaka kutoroka, inakimbilia kwa wenye viwanda, nyinyi, nyinyi mliokaa huko mbali mkaamua kila kitu kiwe chenu peke yenu… maana kompyuta ya kuunga mwenyewe haina maringo, pawa saplai yoyote ya dukani inaingia, mazabodi ya kiwanda hiki inakaa kwenye kasha la kiwanda kile, lakini hizi za majina makubwa, hizi zenye jina la rangi ya fedha kifuani, mle ndani kila kitu kimekatwa kwa kipimo chao, plagi yao, matundu yao, hata kitufe cha kuwashia kina waya wa kwao, na jina lile la fedha lenyewe ni la mwenye nyumba tu, siye mjenzi, Celia aliliona siku ileile ya kwanza alipofungua, kwenye pembe ya mazabodi, karibu na betri, maandishi meupe madogo ya kutafuta kwa kurunzi, jina jingine kabisa, la kiwanda ambacho Mtwara nzima hakuna aliyekisikia, akampigia Idrisa wa Kariakoo, mtu wa spea, naye Idrisa akacheka, "Dada Celia, hao wakubwa wengi hawaundi, wanaagiza, kiwanda kimoja huko Taiwani au Uchina kinamuundia huyu leo, kesho kinamuundia mshindani wake, ila kila mmoja anataka ya kwake ikatae vya mwenzake, na ukikipigia hicho kiwanda chenyewe kitakwambia hakikujui, nenda kwa mwenye jina, na mwenye jina atakwambia mashine yako imepitwa na wakati," basi ni nani wa kulaumiwa hapo, mwenye jina hakuunda, aliyeunda hana jina, ukitaka kugombana unagombana na nani… raha ilioje kumlaumu mtu asiyekuwepo.

Lakini simu ile ya Idrisa, Celia, ulimpigia lini, kabla au baada?

Baada. Alimpigia baada, mazabodi ya zamani imeshaungua, harufu imejaa kibandani mpaka mama wa maandazi jirani anauliza kuna nini, maana kabla yake hakumpigia mtu, angepiga simu moja tu, dakika tatu, angeambiwa, "Usithubutu kuunga hiyo kwa rangi, waya za hao jamaa zinadanganya," lakini Celia binti Fernando hapigi simu kuuliza, Celia alikuwa msichana peke yake darasani chuo cha ufundi, wavulana kumi na tisa wakingoja akosee wacheke, akajizoesha kutouliza, miaka tisa sasa hajauliza, na siku ile akachukua pawa saplai ya kawaida, akakata plagi, akaunga waya kwa waya, njano kwa njano, nyeusi kwa nyeusi, akazungushia utepe vizuri, kazi safi ya kupigiwa picha, kwa sababu mashine ya jina hilohilo aliyoitengeneza mwaka juzi ilikuwa imepangwa hivyo, na hii haikuwa imepangwa hivyo, akabonyeza, tss, kitu kidogo sana, hata si mlipuko, tss tu na uzi wa moshi, na Mwalimu Pendo alipopita kesho yake kuulizia, mdomo wa Celia ukasema wenyewe, umeme, Mwalimu, umeme umeiunguza mazabodi, lakini usiogope, sauti hazikai kwenye mazabodi, sauti zipo kwenye diski na diski ni nzima, naagiza nyingine kama hiihii Dar inakuja na basi… na Mwalimu Pendo akaenda nyumbani akamwambia mtoto, baba yumo, anatengenezwa.

Diski ni nzima. Ni nzima hata sasa, inazunguka, sauti zimo mle ndani zote, salamu na mababu na Esta mwanangu sikiliza, ila zimefungwa, mashine hizi za siku hizi zinajifunga zenyewe kimyakimya, pengine Gideoni mwenyewe hakujua, na ufunguo zinauweka kwenye kidude kidogo juu ya mazabodi, juu ya mazabodi ileile, ile tu, si dada yake wala pacha wake, na pacha huyu aliyetoka Dar jana na basi, aliyetoka kiwanda kilekile, mwenye maandishi meupe yaleyale, hamjui Gideoni, anasema, nipe tarakimu arobaini na nane au ondoka… na tarakimu ziko wapi, kwenye barua pepe ambayo nywila yake Gideoni amekwenda nayo, mwezi uliopita aliuliza kama kwa kupita tu, "Mwalimu, marehemu hakuacha nywila mahali?" na mama akasema, "Fundi, mimi nimefukua mpaka Biblia yake, hakuna nilichokuta ila risiti," na ile bodi iliyoungua alishaituma kwa Idrisa, ikarudi na jibu la neno moja, imekufa.

"Esta ameanza kujizoeza," Mwalimu Pendo anasema pale kwenye benchi, "anakumbuka majina matatu, akifika la nne anakwama, ananiambia, mama, usinisaidie, baba atasema mwenyewe mashine ikipona," na Celia anasema, "Eeh," maana kukosa sauti ya baba anakujua, ni nani Chuno nzima anayejua kama yeye, baba yake Fernando alivuka Ruvuma akiwa kijana, akalima mpunga Kilambo mpaka alipokufa, alikuwa anahesabu magunia kwa Kireno, um, dois, três, anagomba kwa Kimakonde cha kwao Msumbiji, anabembeleza kwa Kiswahili kibovu, na miaka kumi na moja baadaye Celia maneno yote anayo, hajapoteza hata moja, lakini anapoyakumbuka yanasemwa na sauti yake yeye Celia, ya Fernando haipo, ilikuwa nzito au nyembamba, ilikuwa na mkwaruzo, hajui, alijaribu usiku na mchana akiwa na miaka ishirini, alikuwa anakaa kimya kabisa akingoja imjie, haikumjia, akaacha, na angepewa hata neno moja la baba yake, hata la kumtukana, angelisikiliza mpaka kesho… na mtu huyo, mtu mwenye njaa hiyo, ndiye aliyeshika koleo akakata waya kwa rangi bila kuuliza. Mungu wangu. Mungu wangu, nimefanya nini.

Haya, utasema nini sasa, anakungoja, sema kampuni, Mwalimu, hizi kampuni kubwa zinafunga mashine zao hivi, ndiyo tabia yao, na ni kweli, hakuna uongo hapo, mama huyu atatikisa kichwa atasema mabeberu hawa, au sema kiwanda, mazabodi zao hazifanani ingawa zinafanana, nao ni ukweli, au… au sema, Mwalimu, kuna namba, marehemu alitakiwa aziandike mahali, watu wengi wanasahau kuziandika, bahati mbaya hakuziandika, na hilo nalo ni kweli, tena ndilo jepesi kuliko yote, linaeleweka, halina ufundi ndani yake, linakaa vizuri mdomoni, tayari ulimi umeinuka kulisema… na hapo Celia anashtuka, kwa sababu anamwona Esta, hajawahi kumwona ila kwenye picha ya simu, amevaa sweta la shule, anaambiwa na mama yake jioni hii, baba alisahau kuandika namba, na mtoto atalibeba hilo, atakua nalo, atakuwa mwanamke mzima mwenye watoto na bado atasema, baba yangu alikuwa ameniachia sauti yake lakini alisahau ufunguo, alikuwa mtu wa kusahau, yule, na yule hakusahau kitu, yule alikaa Jumapili zote zile akakumbuka mpaka babu wa saba, aliyekosea hayuko kaburini Kilolo, na mwenye kaburi hawezi kufungua mdomo kusema si mimi.

Hapana. Mwenye jina hakuunda, aliyeunda hana jina, sawa, wagombane wenyewe huko kwao, lakini aliyeunga zile waya ana jina na jina lenyewe lipo juu ya mlango wa kibanda hiki kwa rangi nyekundu, wateja watalikimbia, na wakimbie, Mwalimu Pendo atalia au atamtukana, na atukane, ana haki, yeye atakaa asikilize mpaka mwisho, kisha atamwomba namba ya simu ya Kilolo kwa bibi mzaa baba, mtu anayejua lile jina la nne, na haitakuwa sauti ya Gideoni, haitakuwa, usijidanganye, hilo limekwisha, hilo umelimaliza wewe, Celia, siku ile, tss… loo, jinsi ilivyokuwa sauti ndogo.

Skrini ni ileile, bluu, kistari kinawaka na kuzima pale panapongoja tarakimu ya kwanza. Feni inazunguka. Mwalimu Pendo amefungua mkoba, ametoa kitu cheupe kidogo, diski ya kuchomeka ya mtoto yenye kamba ya waridi, ameishika mkononi tayari, anasema Esta ndiye aliyeichagua dukani, ziwekwe humu zote, akazisikilize ndani ya basi. Celia anaitazama ile kamba, anaweka kipanya pembeni, anasema, "Mwalimu, haikuunguzwa na umeme. Niliiunguza mimi."

Lakini lori la korosho lilikuwa linapita barabarani, tela mbili, vioo vya kaunta vinatetemeka, na Mwalimu Pendo, tabasamu lake bado lipo, anainama mbele na kutega sikio kwa kiganja.

"Umesemaje, fundi? Sijakusikia."