Kijiji cha Koridoni

Skripti ya Vasemaca, programu fupi aliyoiandika kwenye kompyuta ya ofisi ya maji mjini Suva, ilianza kazi saa mbili na robo asubuhi, chai ya mwenyewe ikiwa bado inafuka mezani. Iliandika barua kwa kila kaya iliyoomba tangi la maji, ikaitia kwenye folda ya kijiji chake. Ilipofika Nasavuwai ikasimama, kama ilivyosimama jana na juzi. Folda haipo.

"Ruka," alisema mkuu wake, Bwana Naivalu, akitafuna muhogo. "Kijiji chenyewe kilishamezwa na bahari. Folda tuliifuta mwaka juzi."

"Lakini watu wapo, bosi. Kaya thelathini na moja. Wamejibanza kwenye banda la kanisa kwa wakwe zao, wanakinga mvua kwa sufuria."

"Watu wapo, folda haipo. Sasa mimi nifanyeje, binti?"

Vasemaca hakuzoea kubishana na wakubwa. Alirudi mezani akaongeza mstari mmoja tu kwenye skripti: kama folda haipo, iundwe kwanza, pamoja na kila folda inayoibeba. Skripti ikapita bila hata kukohoa.

Kufikia saa nne, mlango mpya ulikuwa umetokea koridoni mwa ofisi, kati ya chumba cha nne na cha tano. Nyuma yake ilikuwepo Nasavuwai, kanisa lake la bati na nguo zake kambani, na kipande cha kisiwa chini yake, maana kijiji hakikai hewani. Bimla, mfanya usafi, alitandika gunia kizingitini ili maji ya chumvi yasimharibie sakafu.

Barua ndizo zilizogoma. Kila iliyosukumwa chini ya mlango ilirudi imelowa.

"We dada, una akili kweli?" Bimla alisema. "Unaingia kijijini kwa watu mikono mitupu? Mimi Mhindi nayajua haya, wewe mwenye mila unanikodolea macho!"

Vasemaca aliona haya hadi masikioni. Alikimbia soko la Suva, akarudi na zawadi ya mgeni, mizizi ya kava ya kutengenezea kinywaji cha heshima, iliyofungwa kwa gazeti, akaketi chini mbele ya mlango, akaomba radhi na ruhusa. Ndani yakasikika makofi matatu mazito ya kupokea zawadi. Barua zikapita.

Alasiri wenyeji, habari zikiwa zimewafikia, walishuka kwenye basi na magodoro yao, wakasaini daftari la wageni, wakaingia makwao. Wa mwisho kuingia alikuwa Bibi Torika, aliyetoka tena na barua mkononi, akamnusa Vasemaca shavuni kama wanavyonuswa wajukuu.

"Barua nimeipata, mwanangu. Tangi je, lini?"

Vasemaca akaenda kuuliza. Bwana Naivalu aliifungua folda, akaisoma kwa makini, uso ukamchangamka.

"Kumbe wako hapahapa! Basi ni watu wa mjini hawa, wana bomba. Matangi ni ya visiwani. Watoe kwenye orodha."

"Bomba gani, bosi?"

"Si hilo la chooni?"

Tangu hapo, kila asubuhi wanawake wa Nasavuwai hupanga ndoo koridoni, wakimtania Bimla kwamba sabuni yake inanuka kuliko samaki wao. Vasemaca huwahi kazini robo saa, akamshikia Bibi Torika ndoo mpaka ijae. Skripti yake sasa hupita vijiji vyote bila kusimama. Barua thelathini na moja zimo ndani ya folda yao, kavu kabisa, na kila moja inasema ombi limekubaliwa.