Amri Isiyo na Sahihi

"Anayeshika plau ana nguvu," Mwalimu Marsela alisema, na kwa kipande cha chaki akachora mstari mrefu ubaoni, kutoka upande hadi upande. "Ng'ombe wanamtii. Udongo unamtii. Lakini akifika kwenye mkonge wa mpakani na jirani anafanya nini?"

"Anageuza," darasa likajibu kwa pamoja.

"Kwa nini anageuza? Ng'ombe wamechoka?"

"Hapana, mwalimu. Shamba limeishia hapo."

Akatabasamu. Walikuwa hamsini na wawili, Darasa la Saba zima, watatu watatu kwenye madawati ya watu wawili, na magoti yao yalikuwa bado na tope la njiani. Ulikuwa mwezi wa tatu, mwaka themanini na tano. Mvua ilikuwa imekatika punde tu, na ukungu wa msitu wa Ngorongoro ulikuwa umeteremka hadi kwenye mibuni ya shule. Juu ya ule mstari palikuwa pameandikwa kwa herufi kubwa: MAMLAKA YA SERIKALI NA MIPAKA YAKE. Alikwishawaeleza kwamba Bunge hutunga sheria, Serikali huitekeleza, na Mahakama huamua panapotokea ubishi. Alikwishawaeleza pia kwamba Rais mwenyewe alikuwa amesema atang'atuka mwaka ule, na kwamba watakaomfuata wamewekewa vipindi viwili, basi.

Mfano wa plau ulimjia asubuhi, akipita katikati ya watu waliokuwa wakilima. Hakukumbuka ng'ombe wa nyumba ipi walikuwa wameleta balaa wiki ile, mpaka alipouona mkono wa Lusia.

Lusia Thomasi hakuwa amenyoosha mkono tangu Jumatatu. Ile ilikuwa Alhamisi.

"Mwalimu, Katibu Kata ni Serikali?"

"Ni Serikali, ndiyo. Huku kwetu yeye ndiye mkono wake."

"Anaweza kumfungia mtu ghalani siku nne?"

Hata wale wa dawati la nyuma, ambao siku zote walikuwa na la kunong'onezana, waligeuza macho kwa mwalimu.

Kisa chenyewe kila mtu alikijua. Katibu Kata Sylvesta alikuwa na ekari saba kando ya barabara ambazo aliziita shamba la mfano, ingawa mavuno yake hayakuwahi kuonekana popote isipokuwa nyumbani kwake. Mvua zilipoanza alitoa amri kwamba kila mwenye maksai akalime kule kwanza. Thomasi, baba yake Lusia, alimjibu kwa adabu kwamba mvua haimsubiri mtu, atamaliza la kwake kisha atakuja. Jumatatu jioni mgambo wawili walimchukua na kumfungia kwenye ghala la kijiji, pamoja na mifuko ya mbolea. Mkewe, Blandina, alikuwa akimpelekea uji na kuupitisha kwenye upenyo wa chini ya mlango.

Marsela alisimama na chaki mkononi. Alikuwa mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Alimaliza darasa la saba, akachuma kahawa miaka miwili kwenye shamba kubwa la huko Oldeani, kisha nchi ilipohitaji walimu wengi kwa haraka akafundishwa kazi akiwa kazini, jioni kwa jioni. Daraja lake lilikuwa la chini kabisa, na wenzake waliopitia chuo walimwachia somo la Siasa kwa sababu hakuna aliyelitaka. Yeye alilipenda. Alikata magazeti na kuyabandika kwenye daftari kwa uji wa ngano, na habari za mabadiliko ya Katiba alikuwa amezisoma mpaka karatasi ikalegea kwenye mikunjo. Sasa, baada ya miaka tisa, jina lake lilikuwa limetajwa kwenda kozi ya kupandishwa daraja. Fomu ilibaki sahihi moja tu, nayo ilikuwa mezani kwa Katibu Kata.

Angeweza kusema kipindi kimekwisha, kwani kweli zilibaki dakika tano. Alimtazama Lusia, ambaye alikuwa bado amesimama, mikono nyuma, kama mtoto anayesubiri kuchapwa.

"Hawezi," Marsela alisema.

Kisha akageukia ubao na kuandika polepole, ili hata wazito wa kunakili wasipitwe. Aliandika kwamba kiongozi hutoa amri pale tu sheria ilipompa nafasi ya kuitoa. Kwamba mtu hakamatwi wala hafungiwi ila kwa utaratibu uliowekwa na sheria. Kwamba anayetuhumiwa hupelekwa mbele ya hakimu, na hakimu ndiye anayeamua. Kwamba raia anayo haki ya kuuliza: sheria ipi?

"Nakilini," alisema. "Anayekosea herufi nitamrudisha."

Saa nane mchana Mwalimu Mkuu Eliamani alimwita ofisini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ametoka Kilimanjaro na watoto sita, na kwa miaka mingi alikuwa amejifunza kupita pembeni ya wakubwa. Alimweleza kwamba somo la Siasa lina muhtasari wake, na kwamba majina ya viongozi wa hapa hayamo. Marsela akamwambia hakutaja jina la mtu. Eliamani akauliza kwa sauti ya chini kama ile fomu imesharudi. Haikuwa imerudi.

Alipofika kwake alimkuta Blandina amekaa kwenye kigogo cha nje, daftari la Lusia mapajani. Blandina alikuwa amejifunza kusoma kwenye kisomo cha watu wazima, tena na Marsela huyu huyu, wakati wote wawili wakiwa bado vijana.

"Mwalimu, nimesoma mara tatu," alisema. "Nimeogopa nimesoma vibaya."

"Soma nikusikie."

Akasoma, kidole chini ya kila neno. Alipofika kwenye neno hakimu alisita, akaendelea. Hakukosea hata moja. Marsela akamwambia hivyo. Blandina akalikunja daftari ndani ya kanga yake, akauliza kama wanafunzi wote wamenakili. Alipojibiwa kwamba wote, aliitikia kwa kichwa, kisha akaaga. Badala ya kushika njia ya kwake alikata kulia, kwenye nyumba za jirani.

Ijumaa asubuhi Katibu Kata alituma mtu kumwita Marsela. Sylvesta alikuwa mnene, msafi, mwenye sauti laini. Alimkaribisha kiti. Fomu ya kozi ilikuwa mbele yake, na kalamu juu yake.

Alisema amesikia habari za somo la jana. Alisema vijana wanaelewa mambo vibaya, na mwalimu mzuri hurekebisha mapema. Hakutaka makubwa. Jumatatu aingie darasani, awaambie kwamba alikosea, wafute. Yeye atatia sahihi leo hii, na mwezi wa saba Marsela atakuwa chuoni.

Marsela aliitazama ile fomu. Jina lake lilikuwa limepigwa kwa taipureta, kitu ambacho hakikuwa kimewahi kumtokea. Alijiona kwa muda mfupi na sanduku la bati kwenye basi la Arusha.

"Kama nimekosea nitafuta, Ndugu Katibu," alisema. "Nionyeshe palipo na kosa."

"Kosa ni kwamba mimi nimekwambia."

"Hilo siwezi kuwaandikia ubaoni. Wataniuliza limetoka wapi."

Sylvesta hakugomba. Aliifungua droo, akaitia fomu ndani, akaifunga kwa ufunguo. Akamwambia kesho ni mkutano wa kijiji wa kugawa zamu za kulima, na itakuwa vizuri walimu wahudhurie waone kazi inavyofanyika.

Njiani Marsela alilia kidogo, kwa sababu miaka tisa ni mingi. Kisha akajifuta uso kwa ncha ya kitenge na kwenda kufundisha hesabu.

Jumamosi watu walijaa uwanjani mbele ya ofisi ya kata kuliko alivyowahi kuwaona. Mwenyekiti wa kijiji, mtu mpole aliyezoea kumwachia Katibu aseme yote, alifungua mkutano. Sylvesta akasimama na orodha ya wenye maksai. Alikuwa bado hajasoma jina la kwanza Blandina aliposimama.

Hakuomba ruhusa. Alitoa daftari kwenye kanga, akalifungua, akaanza kusoma kwa sauti ya kisomo, neno moja moja. Katibu akamwambia akae, habari hiyo haimo kwenye ajenda. Blandina akaendelea mpaka nukta ya mwisho, kisha akakaa. Akasimama mwanamke mwingine, na daftari la mwanawe, akasoma maneno yale yale. Kisha wa tatu. Kisha baba mmoja asiyejua kusoma, aliyelifungua daftari na kulisema lote kwa kichwa, kwa sababu binti yake alikuwa amemkaririsha usiku kucha. Marsela, aliyekuwa amesimama nyuma na walimu, aliyatambua hata makosa ya mwandiko kutokana na namna kila mmoja alivyokwama.

"Nani ameandika haya?" Sylvesta aliuliza.

Marsela akapiga hatua mbele. "Ni mimi, Ndugu Katibu. Ni somo la Darasa la Saba."

"Basi mwalimu huyu anachochea watu."

Hapo Mwalimu Mkuu Eliamani, aliyekuwa hajasema neno mkutanoni tangu ahamie kata ile, aliinua mkono. Alisema, huku akitazama viatu vyake, kwamba amelilinganisha lile somo na muhtasari wa Wizara, na halina kosa. Akateremsha mkono upesi.

Blandina akasimama tena. Safari hii hakuwa na daftari.

"Mume wangu yumo ghalani siku ya sita. Mimi nauliza tu: kwa sheria ipi, na hakimu yupi anajua?"

Katibu alisema kuna taratibu za maendeleo. Alisema kuna maelekezo ya juu. Aliongea sana, mpaka maneno yake yakawa yanamrudia. Ndipo Mwenyekiti wa kijiji alipojikohoza. Akasema, kama mtu anayejisemea, kwamba Thomasi naye ni mwanakijiji mwenye haki ya kuhudhuria mkutano, na kwa kuwa yeye hawezi kuja mkutanoni, basi mkutano utamfuata aliko. Akachukua kiti chake mwenyewe, akakibeba begani, akaanza kutembea kuelekea ghalani.

Watu wote waliinuka. Walikwenda bila kelele, wakakaa chini mbele ya ule mlango wa mbao, kwenye tope, mamia ya watu, na nyuma ya mlango wakamsikia Thomasi anauliza kuna nini. Mwenyekiti akamjibu kwamba ni mkutano.

Mlangoni alisimama mgambo Inosenti, funguo kiunoni. Sylvesta alifika akihema, akamwamuru awatawanye watu.

Inosenti alikuwa na mtoto Darasa la Saba, dawati la nyuma. Alisimama wima, visigino pamoja, kama alivyofundishwa.

"Ndugu Katibu, niandikie," alisema. "Niandikie kwamba Thomasi afungwe, kosa lake, na sheria yake. Utie jina na sahihi. Nitakwenda nayo Karatu kwa miguu sasa hivi, nimkabidhi hakimu."

Mtu mmoja akararua ukurasa wa katikati wa daftari na kuupeleka mbele. Mwingine akatoa kalamu. Sylvesta aliushika ule ukurasa. Kalamu ilikuwa mkononi mwake, na mgongo wa Inosenti ulikuwa umeinama kidogo apate pa kuandikia. Wote walimtazama. Aliuangalia ukurasa ule mweupe kama mtu anayechungulia kisimani, na hakuandika hata herufi moja. Mwishowe akaukunja, akautia mfukoni, akasema ana kazi ofisini.

Inosenti akafungua.

Thomasi alitoka akiwa mweupe kwa vumbi la mbolea mpaka kwenye kope, akifumba macho kwa mwanga. Blandina alimshika mkono ili waende nyumbani. Akakataa. Alisema kama mkutano bado haujaisha, naye ana la kusema juu ya zamu za kulima. Watu walicheka, na kicheko kile kikageuka vigelegele vya wanawake vilivyosikika mpaka barabarani. Thomasi akakaa kwenye tope pamoja na wengine. Siku ile kijiji kiliamua kwamba ng'ombe wa mtu hulima kwanza shamba la mwenyewe, na anayetaka msaada aombe kama jirani. Mwenyekiti aliandika maamuzi yale kwa mkono wake, akatia sahihi, na hakuhitaji kuombwa.

Ile fomu haikutoka kwenye droo. Lakini Jumatatu asubuhi Marsela alimkuta Eliamani amejifungia ofisini na taipureta, akipiga kwa vidole viwili barua ya kumwombea ile kozi, iende moja kwa moja ofisi ya elimu ya wilaya. Alimwambia hajui kama itapokelewa. Lakini alisema ameshaweka sahihi yake, na hataifuta. Marsela alimshukuru, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane alimwona akicheka mpaka meno ya pembeni.

Kipindi cha tatu kilikuwa cha Siasa. Alipoingia darasani walisimama wote, wakamwamkia kwa sauti iliyotikisa mabati. Aliwaambia wakae. Walikaa, isipokuwa Lusia.

"Mwalimu, tuna swali. Tumeliandaa wote."

"Haya."

"Ndani ya darasa hili, Serikali ni wewe?"

Marsela akafikiri. "Ndiyo. Nadhani ni mimi."

"Na mipaka yako iko wapi?"

Fimbo ilikuwa juu ya meza, mahali pake pa siku zote. Hamsini na wawili walimtazama. Nje jua lilikuwa limeshausukuma ukungu juu mpaka kwenye miti ya mwanzo ya msitu. Marsela alichagua chaki moja nzima kutoka kwenye boksi, akamtupia Lusia, kisha akaenda kwenye dawati la mbele na kuwaomba wale watatu wamsogezee nafasi.

Lusia alisimama mbele ya ubao ambao haukuwa na kitu, akiupima kwa macho, akitafuta pa kuanzia mstari.