Maneno ya Shemeji

Mkurugenzi wa kampuni ya matangazo aliitazama picha mezani akaridhika. Vijana wanne wenye meno meupe walikuwa wameizunguka kompyuta, wanacheka.

"Hii ndiyo itoke gazetini," alisema.

Mwandishi wake wa matangazo, mwanamke ambaye ofisi nzima ilimwita Gundi kwa kuwa akishika jambo habanduki, akatikisa kichwa. "Bosi, hii msomaji ataifungia samaki hata hajaisoma."

"Una nyingine?"

"Nipe mpaka kesho kutwa."

Kusema kweli hakuwa nayo. Tangazo lilihusu programu ya kuwawezesha wafanyakazi kupangiana kazi na kujibizana kwa maandishi, naye alikuwa hajapata hata sentensi moja yenye chumvi. Jioni akapita kwa dada yake, akalalamika huku akimenya vitunguu.

"Si ndiyo hiyo wanayotumia karakana kwa shemeji yako?" dada akasema. "Muulize. Siku hizi anarudi anacheka peke yake kama karogwa."

Shemeji alikuwa seremala, na tangu utotoni alikuwa hasikii. Kabla ya programu hiyo, kazini habari zilimfikia zimeshapoa. Wenzake wakicheka, akiuliza kwa mikono kuna nini, walimpungia tu: baadaye. Baadaye hiyo haikufika.

Aliporudi jioni hiyo, Gundi alimwandikia swali lake kwenye simu. Shemeji akamfungulia mazungumzo ya karakana. Fundi mkuu alikuwa ameuliza wote, kwa hasira: "Nani kaukata mfupi ubao wa kitanda cha mteja?" Shemeji ndiye aliyejibu wa kwanza: "Ubao hauna kosa. Mteja ndiye mrefu."

Kisha akamwandikia Gundi, taratibu: "Niliinua macho nikaona karakana nzima imeshika mbavu. Safari hii nilijua kwa nini."

Gundi akaweka kisu chini. Akaandika: "Shemeji, nipe maneno haya niyaweke gazetini."

Shemeji alifikiri kidogo. "Chukua. Sura yangu usiiweke. Sitaki kuonewa huruma."

Mkurugenzi alipoletewa swali la fundi mkuu, jibu la seremala asiyesikia na yale aliyoyaandika baadaye, aliruka. "Ukurasa mweupe na maneno matupu? Mteja atatufukuza!"

"Basi nitampelekea matangazo yote mawili mwenyewe. Akikataa, lawama zangu."

"Na kazi yako je?"

"Na kazi yangu pia."

Meneja wa masoko wa kampuni ya programu, mama mkavu asiyecheka ovyo, aliipita picha ya meno kama mtu anayeruka dimbwi. Yale maneno akayasoma. Akayasoma tena.

"Huyu mtu yupo kweli?"

"Yupo. Ni shemeji yangu."

"Nembo yetu ikuzwe," mama akasema. Kisha akaongeza, "Maneno yasiguswe hata moja."

Tangazo likatoka. Mkurugenzi hakuomba radhi. Alimtupia Gundi kazi ya sabuni ya unga, naye akachukua mkoba akaenda kutafuta wanaofua.

Kule karakana walilibandika ukutani, na fundi mkuu akaamua kujifunza lugha ya ishara. Siku ya kwanza alikusudia kumkaribisha shemeji chai, mikono ikamwambia kitu kingine kabisa. Shemeji alicheka mpaka akakaa chini kwenye takataka za mbao. Halafu akainuka, akamshika vidole, akamfundisha upya.