Bonde Jekundu

Mchoraji alipofariki, dada yake alikuja kumsaidia mjane kupanga vitu. Walianza na makabati, wakaishia chumbani, mbele ya picha kubwa iliyotundikwa ukutani upande wa kitanda.

"Wifi, hapa ni wapi?" dada mtu aliuliza.

"Si bonde letu hilo, hapo nyuma ya nyumba?"

Dada mtu alichungulia dirishani, akairudia picha. Nje vilima vilikuwa vya kijani kama siku zote. Pichani vilikuwa vyekundu, vimepakwa kwa kisu, rangi imevimba kama kidonda. Mbingu ilikuwa ya manjano makali. Pembeni, mti mmoja wa bluu umeinama.

"Kaka yangu alihitaji miwani," alisema, wakacheka kidogo.

Kisha mjane akaketi kitandani. "Aliichora mwaka ule nilipokwenda kumuuguza mama. Niliondoka tumegombana. Yeye alitaka niwahi kurudi, mimi nikakaa miezi. Niliporudi nikaikuta hapo, upande wangu. Hakusema neno. Hasira zote zile, wifi! Miaka yote nalala nimezipa mgongo."

"Hasira?" Wifi alimkodolea macho. "Nani kakwambia?"

"Kwani huuoni wekundu huo?"

"Alinipigia simu siku hizo. Akasema nyumba imekuwa kimya mpaka anasikia friji ikihema. 'Dada, nazipaka rangi zipige kelele, angalau paonekane pana mtu.' Mimi nikamcheka, nikamwambia aoe wa pili."

Mjane hakucheka. Aliinuka, akapitisha kidole juu ya vilima. Wekundu ulirundikwa tabaka juu ya tabaka, kama mtu anayeita jina lilelile akingoja kuitikiwa. Hata ule mti, aliokuwa akiuona umemnunia, sasa aliuona umeegemea upande ilikopita barabara ya kuja nyumbani.

"Mbona hakuniambia?"

"Wewe ulimuuliza?"

Mjane akatikisa kichwa. Machozi yalimtoka bila sauti, na wifi akamshika bega.

Jioni wifi aliaga, watoto wanamngoja. Mjane alimsindikiza mpaka getini, akarudi chumbani, akasimama mbele ya bonde.

"Nimerudi," alisema.

Kisha akaenda jikoni kubandika chai.